Mgongo Wangu na Leseni ya Rajabu

Kama mgongo unakuuma na umeshazoea kujibu "naendelea vizuri" kila unapoulizwa, haya nimeyaandika kwa ajili yako. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nakaa Chumbageni, hapa Tanga. Nilipata kifua kikuu cha uti wa mgongo, nikakaribia kupooza, nikatibiwa, na leo nasimama mbele ya watoto wa darasa la pili kuanzia kengele ya asubuhi hadi wanapokwenda makwao. Habari za vijidudu nawaachia wenye kazi yao. Nitasimulia yaliyonipata, pamoja na yaliyotokea kati yangu na daktari wangu wa kwanza, ambaye ni mtoto wa nyumbani.

Ilianza wakati wa vuli. Nilihisi maumivu katikati ya mgongo, kama mtu ananikandamiza kwa kidole gumba na hataki kuachia. Nikasema ni kusimama sana. Baadaye nikawa siwezi kuinama kuokota chaki. Nachuchumaa mgongo umenyooka kama mti, na watoto wakaanza kuniigiza wakati wa mapumziko. Nilicheka nao. Jioni mwili ulikuwa unapata joto, na nikilala natoka jasho mpaka kanga inalowa.

Mume wangu, Athumani, ana dada mmoja tu, Bi Tatu, na Rajabu ni mwanawe Bi Tatu. Ndiye daktari wa kwanza katika ukoo wetu. Siku alipohitimu tulipika pilau, mtaa mzima ukala. Aliajiriwa kidogo huko mbali, kisha akarudi akafungua zahanati yake Chumbageni, na sisi sote tukawa wagonjwa wake. Nani angekwenda kwingine? Rajabu ana adabu. Ukiingia anainuka kitini.

"Shikamoo, mkaza mjomba."

"Marahaba, baba. Mgongo unanisumbua."

"Pole sana. Na homa?"

"Jioni jioni."

Aliandika huku anatikisa kichwa kwa huruma. Akasema damu inaonyesha taifodi, na ualimu nao umeuchosha mgongo. Nikachomwa sindano, nikapewa vidonge, nikarudi nyumbani na nafuu ya siku chache. Niliporudi tena ikawa ni UTI. Niliporudi mara nyingine taifodi ilikuwa imekuwa sugu. Kila mara tuliongea hivyo hivyo, yeye kwenye kiti chake na mimi kwenye changu, meza katikati.

Kaskazi ikaingia na joto lake. Nguo zikaanza kunipwaya. Gauni nililoshona kwa Idd iliyopita, ambalo lilinibana kiunoni, likawa linaning'inia kama limeanikwa. Ramadhani ilipofika nilijaribu kufunga, nikashindwa, na kushindwa kule kuliniumiza kuliko mgongo wenyewe. Bi Tatu aliniletea uji wa mchele kila alasiri kwenye chupa ya chai. Alikuwa akinimiminia, anakaa pembeni, haondoki mpaka nimalize.

"Rajabu anasema utapona, wifi," alikuwa akiniambia. "Anakuombea."

Nami niliamini. Sisemi hili kwa kejeli, kwa sababu aliniombea kweli.

Shule zilipofunguliwa baada ya Idd nilikuwa natembea uwanjani, mwalimu mwenzangu akaniita nyuma. Ameshika ndala yangu. Ilikuwa imenivuka mguuni na nimetembea hatua kadhaa juu ya kokoto bila kuhisi kitu. Wiki ile ile nikaanguka bafuni, na nilipotaka kuinuka miguu haikunisikiliza. Athumani alinibeba mpaka kitandani. Rajabu alipigiwa simu, akaja mbio na dripu, akaitundika kwenye msumari wa chandarua.

Dada yangu Riziki, anayelima mihogo na michungwa kwetu Maramba, alifika kesho yake. Alinitazama, akaitazama dripu, akamgeukia mume wangu.

"Shemeji, lete bajaji. Tunakwenda hospitali."

"Rajabu amesema tusubiri dawa zi—"

"Rajabu anasema tangu vuli. Lete bajaji."

Hospitali kubwa nilikaa kwenye benchi la mbao, nimeegemea bega la Riziki, kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri ikapita. Ukiwa mgonjwa unajua benchi vizuri kuliko daktari anavyolijua. Unajua upande wenye upepo, unajua msumari uliochomoza, unajua mama yupi anaongea ili asilie. Mwanamke mmoja kutoka Pongwe, ambaye hatukuwa tunafahamiana, alivua mtandio wake akaukunja, akaniwekea nyuma ya mgongo. Alipoitwa yeye aliuacha hapo hapo. Sikumwona tena, na mtandio ninao mpaka leo.

Daktari aliyenipokea alikuwa mwanamke wa makamo, Dakta Neema. Alifunga pazia, akaniomba nivue gauni nibaki na kanga, akasimama nyuma yangu. Akaanza kunishika mgongo kuanzia shingoni, mfupa kwa mfupa, anashuka pole pole. Alipofika katikati nikapiga kelele.

"Pole, mama. Pole sana." Kidole chake kilikuwa kimesimama juu ya kinundu ambacho hata mimi sikukijua. "Hapa mtu yeyote amewahi kukushika?"

"Hapana."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja, daktari."

Akavuta karatasi, akaandika nipigwe picha.

Ikapigwa picha, kisha nikapelekwa Dar es Salaam kwa kipimo kikubwa, nimelazwa kiti cha nyuma cha gari la jirani na mito pande zote. Jibu lilikuwa kifua kikuu, kimekaa kwenye mifupa ya mgongo na kilikuwa kinaila. Mimi sikuwa nimekohoa hata siku moja. Niliporudishwa Tanga na kulazwa, Dakta Neema alinieleza kwamba mishipa ya miguu imebanwa, ila haijafa, na kwamba tungechelewa kidogo tu angekuwa na maneno mengine ya kuniambia. Nikaanza dawa, na zingekuwa za mwaka mzima.

Mkojo wangu wa kwanza baada ya dawa ulikuwa mwekundu kama maji ya rosela, nikadhani nakufa. Muuguzi alicheka kwa upole, akaniambia ni rangi ya dawa. Vidonge vilinichafua moyo, nikawa nakaa na ndimu mkononi, nainusa. Nilivalishwa mkanda mgumu wa kiunoni na kifuani, ambao kwenye joto la Tanga ni adhabu. Riziki alikuwa akinipepea kwa ungo, ananipaka unga wa muhogo mahali mkanda ulipochubua, ananisimulia habari za Maramba, nani ameoa na nani amegombana kwa mpaka wa shamba.

Siku kidole gumba cha mguu wa kushoto kilipocheza kwa amri yangu, wodi nzima ilipiga vigelegele. Wa kwanza kupiga alikuwa mgonjwa wa kitanda cha pili, Bi Mwantumu.

Lazima nimweleze Bi Mwantumu. Ni mama mtu mzima, mjane, anauza vitumbua Chumbageni karibu na msikiti. Alikuwa na kisukari bila kujua. Kidonda kidogo cha unyayo kilimpeleka zahanati, akapewa vidonge vya kukausha, akarudi, akapewa vingine. Sukari haikupimwa. Unyayo wenyewe haukufunuliwa bandeji ukatazamwa. Alipoletwa hospitali mguu ulikuwa umeoza, ukakatwa chini ya goti.

"Zahanati ipi, Bi Mwantumu?" nilimwuliza, ingawa moyo ulishajua.

"Kwa yule kijana Rajabu. Mtoto mzuri yule, ana heshima. Nikiingia ananiinukia, ananipa kiti." Akaurekebisha mto chini ya mguu uliobaki nusu. "Mungu amjalie."

Niligeuka ukutani. Mimi nilikuwa nimeshamsamehe Rajabu. Ni mtoto wetu, na miguu yangu ilikuwa inarudi. Lakini mguu wa Bi Mwantumu haukuwa wangu kuusamehe, na zahanati ilikuwa inafunguliwa kila asubuhi.

Dakta Neema alikuja kunipima jioni ile, nikamwuliza mtu anafanya nini akiwa na jambo kama hili. Hakumtaja Rajabu kwa ubaya. Aliniambia lipo baraza linalosimamia madaktari, linalotoa leseni na kuziondoa, na mgonjwa yeyote anaweza kulipelekea malalamiko.

"Watamfunga?"

"Baraza si polisi, mama. Linataka kujua kama anayeshika wagonjwa anaijua kazi, na kama ameisahau, afanywe nini."

Kumwambia Athumani ndiyo ilikuwa kazi. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, ananimenyea chungwa.

"Mama Nasra," akasema, kisu kimesimama kwenye ganda, "unataka kumshtaki mtoto wa dada yangu?"

"Nataka wamtazame."

Aliweka chungwa juu ya kabati, akatoka. Siku mbili alikuja wodini na chakula, anasalimia, anaondoka. Siku ya tatu nilimwona amesimama kitanda cha pili, anamsaidia Bi Mwantumu kuhamia kwenye kiti cha magurudumu. Mama yule anamwombea dua kwa sauti, pamoja na ukoo wake wote, hajui ni mjomba wa nani. Athumani alirudi kwangu macho mekundu.

"Andika," akasema. "Lakini Tatu nitamwambia mimi."

Alimwambia. Bi Tatu alikuja mara moja tu baada ya hapo, nilipokuwa nimesharuhusiwa kurudi nyumbani. Alisimama mlangoni, hakuvua viatu.

"Mimi nilikuletea uji kwa mikono yangu, wifi."

"Najua, wifi. Uji ule ndio uliokuwa unanikalia tumboni."

"Na hii ndiyo ahsante?"

Idd ya kuchinja ikapita hakuna mtu wa upande wake aliyekanyaga kwetu. Athumani alikula nyama, akatoka kwenda kukaa barazani peke yake. Kama unaumwa na nyumba yako imegawanyika, nakwambia hivi: meza dawa yako kwa wakati. Nyumba ina siku yake. Dawa haisubiri.

Kikao cha baraza kilifanyika Raskazone, katika moja ya zile nyumba kongwe zilizogeuzwa ofisi. Bajaji ilitushusha mlangoni. Nilitembea mwenyewe, na mkanda, na fimbo, Athumani nyuma yangu kama anayefuata mtoto anayejifunza. Kwenye ukumbi wa kusubiri kulikuwa na benchi moja tu refu. Bi Tatu na Rajabu walikuwa wamekaa upande mmoja. Tukakaa upande wa pili. Rajabu alitazama sakafu, midomo ikacheza, shikamoo haikutoka.

Tuliitwa ndani sote, na walikuwapo wajumbe watatu. Aliyeongoza alikuwa mama mnene mwenye miwani, anayeongea taratibu. Nilisimulia yangu, na ya Bi Mwantumu wakayasoma, kwa maana naye alikubali baada ya kuelezwa, ijapokuwa alisisitiza waandike kwamba kijana ana heshima. Kisha mama yule akamgeukia Rajabu.

"Daktari, mgonjwa analalamika mgongo miezi kadhaa. Ulimpima mgongo?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

Rajabu alikunja mikono, akaikunjua. "Ni mkaza mjomba wangu. Amenilea. Niliona haya kumwambia avue nguo."

Nilimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu niugue nilielewa kilichotokea. Mtoto huyu aliniheshimu mpaka nikakaribia kupooza.

"Na wale ambao si mkaza mjomba wako?" mama yule aliuliza, bila ukali.

Akasema alipofungua zahanati alikuwa anapima kila mtu. Kisha wagonjwa wakawa wengi, yuko peke yake, hana mkubwa wa kumwuliza, na watu wenyewe wanafurahia sindano. Mafunzo ya madaktari yakiitishwa, anaona akifunga mlango wagonjwa watakwenda kwingine. Mwaka ukapita, na mwingine. "Nikazoea," alisema. "Wakishukuru, unadhani unatibu."

Mwenyekiti akanigeukia. "Mwalimu, wewe ungependa baraza lifanye nini?"

Sikuwa nimetegemea kuulizwa. Nikasema kile ninachokijua. "Mimi nafundisha. Mtoto aliyeanza kusoma vizuri halafu akakosea, simfukuzi shule. Namrudisha dawati la mbele, karibu na macho yangu. Sitaki avuliwe udaktari. Nataka afundishwe tena, na awepo wa kumtazama."

Nyuma yangu nilisikia Bi Tatu analia, lakini hakunitazama tulipotoka.

Uamuzi ulikuja vuli nyingine ikiwa imepamba moto, barabara za Chumbageni zimejaa maji. Leseni yake ilisimamishwa kwa muda. Zahanati ifungwe. Atafanya kazi hospitali chini ya daktari bingwa, atahudhuria mafunzo aliyoyakosa, na hatarudi kufanya kazi peke yake mpaka afaulu mtihani. Athumani aliposikia alisema alhamdulillahi, akaingia chumbani akafunga mlango.

Nilikuwa nimefika nusu ya dawa. Nywele zilizokuwa zinadondoka zikaanza kurudi, laini kama za mtoto. Mtaalamu wa mazoezi aliniondolea fimbo. Kinundu hakikuondoka, na hakitaondoka. Naonekana nimeinama kidogo, na mafundi wanaponishonea gauni huongeza kitambaa nyuma. Nimekizoea.

Kusi ilipoanza kuvuma na jua kupoa, Bi Tatu aliingia jikoni kwangu asubuhi moja bila hodi. Alikuwa na bakuli la bada, ule ugali wetu wa muhogo, na samaki wa kupaka. Akaliweka chini, akavuta kibao cha mbuzi, akaanza kukuna nazi yangu niliyokuwa nimeivunja. Alikuna mpaka ikaisha.

"Rajabu anarudi amechoka siku hizi," akasema huku anakung'uta mikono. "Anakaa mezani anasoma mpaka anasinzia juu ya vitabu, kama alipokuwa shule. Sijui nikushukuru au nikununie."

"Fanya vyote viwili, wifi. Nafasi ipo."

Akacheka kwanza, ndipo akalia. Tulikula ile bada tukiwa tumekaa pale pale sakafuni, na Athumani aliporudi akatukuta, alisimama mlangoni na kofia mkononi kama mgeni.

Siku yangu ya mwisho ya kliniki Dakta Neema aliniuliza kama ningekubali madaktari wanaojifunza wanipime. Nikakubali. Wakaingia vijana wanne, na wa mwisho wao, mkubwa kuliko wote kwa umri, alikuwa Rajabu. Dakta Neema hakuwa amenificha. Alikuwa ameniambia, akaniachia niamue.

Rajabu alinawa mikono. Akafunga pazia. Akaja akasimama mbele yangu.

"Shikamoo, mkaza mjomba. Naomba ruhusa nikupime mgongo."

"Marahaba, baba. Nipime."

Nilishusha kanga mabegani. Vidole vyake vilikuwa baridi, vikaanzia shingoni na havikuruka mfupa hata mmoja. Alipofika kwenye kinundu alisimama. Aliniuliza habari za jasho, za uzito, za ganzi miguuni, akanigonga magoti, akanikwaruza nyayo. Kisha akawageukia wenzake.

"Mgonjwa huyu alikuja kwangu anatembea," aliwaambia. "Alinieleza kila kitu kinachotakiwa kujulikana. Mimi nilikuwa nimekaa."

Alinipandishia kanga mwenyewe, akaiweka sawa mabegani, kama alivyokuwa akifanya Bi Tatu siku za uji.

Wapo wanaoniambia nilimharibia kijana. Wapo wanaosema angefungiwa maisha. Mimi nawaambia wagonjwa wenzangu jambo dogo tu. Ukimweleza daktari panapouma na asipashike, mwambie, "Daktari, hapa." Mwambie hata kama ni mwanao. Na ukiona mambo hayaendi, kuna watu ambao kazi yao ni kukusikiliza, na kuwaendea si kumtakia mtu mabaya. Nawashukuru wale watatu wa Raskazone. Namshukuru mwanamke wa Pongwe. Namshukuru Bi Mwantumu, ambaye sasa anauza vitumbua vyake akiwa amekaa, mguu wa bandia chini ya meza, na bado hamsemi mtu vibaya.

Rajabu alifaulu. Zahanati imefunguliwa tena, na siku moja kwa wiki anaifunga kwenda hospitali kukaa na wakubwa wake. Juzi Riziki alikuja kutoka Maramba na magunia ya machungwa na kikohozi, nikamtuma kwa Rajabu. Aliondoka asubuhi akarudi adhuhuri, kanga imekaa upande, amekunja uso.

"Huyo daktari wenu ana nini?" akafoka, akajitupa kwenye mkeka. "Nimekwenda na kikohozi tu! Kanilaza, kaniinua, kanigonga mgongo kama anachagua nazi, kanishika shingo, kanitazama ulimi, kaniuliza mpaka mambo ya marehemu mama. Foleni nje inanung'unika. Na sindano hata moja hakunipa!"

Nilicheka mpaka nikalala chali mkekani, na mgongo wangu, pamoja na kinundu chake, ukagusa chini.